Kabla Pesa ya Chama Haijaingia kwa Gari ya CVT

Wasee, simama kwa yadi yoyote ya magari pale Ngong Road, taja CVT kwa sauti, halafu hesabu sekunde. Hutafika kumi kabla mtu akwambie ati hiyo ni giaboksi ya kutupa, ati Wajapani wanatuletea takataka zao, ati binamu yake alinunua moja na sasa anatembea kwa miguu. Geukia muuzaji, na yeye atakwambia kinyume kabisa: "Hii haina shida, boss, ni kuweka mafuta na kuendesha." Wote wawili wanaongea kama watu wanaojua. Mimi siamini yeyote kati yao.

Kwanza tuelewane. Mimi si fundi. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata huko nilikuwa nasomea mambo ya biashara. Lakini tangu Januari nyumbani kwetu kuna mjadala mmoja tu. Brathe yangu mkubwa anataka gari yake mwenyewe ya kufanya teksi ya mtandaoni. Mathe anangoja zamu yake ya chama, mimi niko na akiba kidogo ya kazi za video, na brathe ameweka yake miaka mitatu akiendesha gari ya mtu. Ukijumlisha zote ni gari moja. Hakuna ya pili. Ikikufa giaboksi mwezi wa nne, kwetu hakuna mtu ako na pesa ya kuifufua. Kwa hivyo hii kitu nimeisoma kuliko nilivyosomea mtihani wowote nikiwa chuo.

Na huwezi kuikwepa kirahisi. Ukitafuta gari ndogo ya otomatiki kutoka Japan, nyingi ziko na CVT: Vitz, Fit, Note, Axio, Swift, Passo za kuanzia 2010. Kusema "mimi sitaki CVT" ni kama kuingia Gikomba na kusema hutaki nguo iliyovaliwa. Unaweza, lakini utazunguka sana.

Sasa, ni nini hasa? Fikiria baiskeli ya gia. Mnyororo unaruka kutoka meno haya hadi yale, na kila kuruka ni gia. Otomatiki ya zamani nayo ina gia nne, tano au sita za aina hiyo, ila inaruka yenyewe. CVT haina meno ya kuruka. Kuna puli mbili, na kila puli ni sahani mbili zilizochongwa kama koni zikitazamana. Katikati yake kunapita mkanda. Sahani zikibanana, mkanda unapanda juu ya koni. Zikiachana, mkanda unashuka ndani. Puli moja inapobana, nyingine inaachia. Kwa hivyo gari inaweza kukaa kwa kipimo chochote kati ya chini kabisa na juu kabisa, bila ile "kuruka" unayosikia kwa matatu ikibadilisha gia. Injini inabaki pale inapofanya kazi vizuri zaidi, ndiyo maana ukikanyaga mafuta inalia kwa sauti moja ndefu kama mashine ya kusaga unga, na spidi inakuja nyuma yake polepole. Wengi wanadhani hiyo sauti ni ugonjwa. Si ugonjwa, ni tabia.

Wazo lenyewe si geni. DAF wa Uholanzi walileta gari yenye mfumo huu mwaka 1958, na mikanda ilikuwa ya raba. Ile gari ingeweza kurudi nyuma kwa spidi ileile inayoenda mbele, mpaka Waholanzi wakawa wanafanya mashindano ya kukimbiza gari kinyumenyume. Manze, watu walikuwa na muda. Zile skuta unazoona mtaani zisizo na gia ya mguu zinatumia wazo hilohilo mpaka leo, koni na mkanda wa raba. Na mwaka 1993 timu ya Williams ilijaribu CVT kwa gari ya Formula 1, halafu sheria za msimu wa 1994 zikaipiga marufuku. Kwa hivyo mtu akikwambia CVT ni teknolojia ya kipuzi kwa asili yake, hiyo historia haikubaliani naye.

Shida iko kwa ule mkanda. Kwa magari ya leo ni wa chuma: mamia ya vipande vidogo vilivyopangwa kwenye pete nyembamba za chuma. Chuma juu ya chuma, na hakuna meno ya kushikana. Kinachozuia usiteleze ni mbano tu, na mbano unatoka kwa oili inayosukumwa na pampu. Hapo ndipo maneno yangu yote yanaegemea, kwa hivyo soma polepole. Oili ya CVT inafanya kazi mbili zinazopingana. Inalainisha chuma kisilike, na wakati huohuo inasaidia chuma kushika chuma kisiteleze. Ikichoka, ikiungua kwa joto, au ikiwa ni ya aina nyingine, mkanda unateleza kidogo tu. Ule mtelezo unakwaruza uso wa puli. Mkwaruzo unatoa unga wa chuma. Unga unaingia kwa valvu zinazoamua mbano uwe kiasi gani. Valvu zikichanganyikiwa, mbano unapungua, na mkanda unateleza zaidi. Ikifika hapo haujirudishi.

Otomatiki ya zamani inakufa kwa awamu: gia ya tatu inachelewa, unajua, unaanza kutafuta pesa. CVT inaweza kukuonya kwa wiki chache tu, na ukiwa ndani ya jam na redio iko juu hutasikia.

Sasa, ni kweli kwamba kuna CVT zilizotoka kiwandani zikiwa na matatizo? Ni kweli, na iko kwa rekodi. Nissan ndio walioisukuma kwa nguvu miaka ya 2000, giaboksi zikitoka kwa kampuni iitwayo Jatco. Marekani, Nissan waliongeza waranti ya CVT za magari ya 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, yaani karibu kilomita 193,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa sababu ya ukarimu. Baadaye wenye Altima, Sentra na Versa Note walienda kortini kulekule Marekani, na kesi kadhaa ziliishia kwa makubaliano ya kuongeza waranti hadi miezi 84 au maili 84,000. Hiyo Versa Note ni ndugu wa Note tunayoijua hapa, ingawa injini yao ni kubwa kuliko zile nyingi zinazoshuka Mombasa. Subaru nao waliongeza waranti ya CVT kwa modeli kadhaa huko huko hadi miaka 10 au maili 100,000.

Sasa fikiria mwenye gari wa Marekani na sisi. Yeye giaboksi ikigoma alikuwa na waranti, na waranti ikiisha alikuwa na wakili. Japan nako, waranti ya kiwandani ya sehemu kubwa kama giaboksi kwa kawaida ni miaka 5 au kilomita 100,000. Kenya sheria inaruhusu gari isiyozidi miaka 8. Kwa hivyo gari nyingi tunazonunua zinashuka meli zikiwa zimeshatoka kwa ulinzi wa yeyote. Kama kuna gharama iliyokuwa imejificha ndani ya hiyo giaboksi, sisi ndio tumepangwa mwisho kwa foleni, na sisi ndio tunailipa. Si ati Wajapani wanatuchukia. Ni vile soko limekaa.

Ndiyo maana swali la "CVT ni nzuri au mbaya" halinisaidii. Nataka kujua ni gani, ya mwaka gani, na imenyweshwa nini.

Kuna pia gari zinazotupwa kwa kapu moja na CVT ilhali haziko. Aqua, Prius na Axio ya haibridi zinaandikwa e-CVT, lakini ndani hakuna mkanda wala koni. Kuna seti ya gia zinazounganisha injini na mota za umeme. Hiyo imejijengea jina zuri. Betri yake ni hadithi nyingine. Note e-Power, iliyoanza Japan mwaka 2016, haina CVT pia: injini inatengeneza umeme tu, mota ndiyo inazungusha magurudumu. Demio mpya ya kuanzia 2014 iko na otomatiki ya gia sita za kawaida. Na Fit haibridi iliyotoka 2013 haina CVT, iko na gia saba na klachi mbili, na Honda waliziita kurekebishwa mara kadhaa kule Japan. Kwa hivyo usikimbie CVT ukaangukia hiyo bila kuuliza maswali. Toyota nao tangu 2018 wana CVT yenye gia moja ya kawaida ya kuanzia safari, ili mkanda usibebe ule mzigo mkubwa wa kutoka mahali gari imesimama. Hiyo inaonyesha hata wanaozitengeneza wanajua mkanda unaumia wapi.

Unaumia wakati wa kuanza, kupanda na kubeba. Yaani maisha yote ya teksi Nairobi. Toka Roysambu saa kumi na mbili asubuhi, simama, songa mita mbili, simama, songa. Watu wanne ndani na masanduku. Halafu mteja anataka Limuru. Joto linapanda, oili inapikwa. Gari ileile kule Japan ilikuwa ya mama wa mtaani anayeenda dukani na kurudi.

Nitawapa mfano ninaoujua vizuri. Anko yangu, ndugu ya mathe, alinunua gari ndogo ya CVT 2021 kwa mkopo. Aina ya gari siitaji. Dashibodi ilisema kilomita 78,000. Alikuwa dereva makini kuliko wote kwa ukoo wetu, yule wa kufuta vumbi kila jioni. Mwaka uliofuata akaipeleka servisi kwa gereji moja, akawaambia wabadilishe na oili ya giaboksi. Walimwekea ATF, ile ya otomatiki za kawaida. Alipouliza kama ndiyo yenyewe, akajibiwa, "Mzee, oili ni oili."

Gari ilianza kutetemeka ikitoka mahali, kama mtu anasikia baridi. Aliirudisha, wakamwambia ni spaki plagi. Akabadilisha spaki plagi. Jumamosi moja walikuwa wanatoka mazishi Narok, watu watano ndani, na kwa ile miinuko ya kutoka Mai Mahiu injini ikapanda sauti mpaka juu huku gari inapunguza mwendo. Akakanyaga zaidi. Ikasimama. Walisukuma hadi kando, lori zikipita, shangazi yangu akishika kitenge kisipeperuke.

Fundi mwingine ndiye aliyeifungua. Nilikuwepo. Alimwaga oili kidogo kwa kifuniko cha chupa, akanielekeza kwa jua: "Kijana, unaona hiyo inang'aa? Hiyo ni giaboksi yako ikitoka nje." Ilikuwa nyeusi na inametameta kama ile rangi ya kucha. Giaboksi ya mtumba pamoja na kazi ilikuwa laki moja na elfu kumi. Mafundi wa kuifungua na kuitengeneza ndani ni wachache. Wengi wanang'oa nzima na kuweka nyingine, ambayo nayo hujui ilinyweshwa nini. Anko alikopa, akalipa. Lakini gari ilikuwa imekaa chini wiki saba, na awamu mbili za mkopo wa gari zilikuwa zimepita. Wenye mkopo walikuja kuichukua siku nne baada ya kutoka gereji. Ilienda na giaboksi mpya ndani yake. Ile pesa alikopa ya giaboksi amemaliza kulipa mwaka jana.

Kwa hivyo mtu akiniambia oili ni oili, mimi huwa nanyamaza kwanza nisije nikasema kitu.

Oili si oili. Nissan wana NS-2 na NS-3. Honda za zamani zilitumia HMMF, mpya zinatumia HCF-2. Toyota wana TC na FE. Zimeandikwa kwa kitabu cha gari, na kwa baadhi ya gari zimeandikwa hata juu ya kijiti cha kupimia. Nunua mwenyewe, kwa duka unaloliamini, na usimame hapo ikiingizwa. Nenda na chupa zako Kirinyaga Road ukiwa umejua unataka gani, usiende kuuliza "niko na gari ndogo, nipe oili." Na fundi akishika mashine ya kusoma makosa na kupima joto la oili kabla ya kuangalia kiwango, usimwone anapoteza muda, kwa giaboksi nyingi za aina hii kiwango kinapimwa oili ikiwa kwa joto fulani.

Kuna lile neno lingine, ati oili ya CVT ni ya maisha, haibadilishwi. Maisha ya nani? Ya gari akiwa nayo mwenye kwanza, labda. Mafundi ninaowaamini wanasema kilomita 40,000, na teksi mapema zaidi. Nimeamua kuwafuata hao.

Na kabla mtu aseme basi nunua gari ya gia za mkono na uache kelele, tufanye hesabu ya brathe. Tuseme anaendesha kilomita 150 kwa siku. Gari inayoenda kilomita 12 kwa lita inakunywa lita 12.5. Inayoenda kilomita 15 kwa lita inakunywa 10. Tofauti ni lita 2.5. Akifanya siku 25 kwa mwezi, hiyo ni lita 62.5, kwa mwaka, lita 750. Si tofauti yote inatoka kwa giaboksi, injini pia ina lake. Lakini weka bei ya EPRA ya mwezi huu hapo na uone. Hiyo ndiyo sababu kampuni ziling'ang'ana na CVT, na ndiyo sababu brathe bado anaitaka. Nilichomwambia ni kwamba sehemu ya hizo lita 750 si faida, ni pesa ya oili, na ikae kwa akaunti tofauti ambayo hata mathe haigusi. Alicheka. Nikamwonyesha risiti za Anko, akaacha kucheka.

Kuendesha pia kuna adabu yake. Usitupe R gari ikiwa bado inasonga mbele. Kwa mlima usishikilie gari kwa kukanyaga mafuta, tumia breki. Usivute gari ya mtu na Vitz yako hata kama ni rafiki. Mengine ni kawaida.

Kwa kununua, haya ndiyo tumekubaliana nyumbani. Kwanza karatasi ya mnada ya Japan, ili maileji iliyo kwa dashibodi ilingane na iliyo kwa karatasi. Isipolingana, tunaondoka, hata kama rangi ni ile mathe anapenda. Halafu gari iwashwe ikiwa baridi kabisa. Kutoka P hadi D, kutoka D hadi R, isichelewe na isigonge. Tunaiachia isonge yenyewe bila mafuta, na tunasikiliza kama inatetemeka. Tunatafuta mlima. Tunasikiliza mlio unaopanda na spidi kama filimbi. Halafu tunaiendesha si chini ya dakika 40, na ikiwezekana tupitie jam kwa makusudi, kwa sababu giaboksi nyingi mbovu zinajificha mpaka ziwe moto. Mwisho fundi aone rangi ya oili na asome makosa kwa mashine. Fundi wetu, si wa yadi. Huyu ni yule aliyenionyesha giaboksi ya Anko kwa kifuniko cha chupa, na ameitisha elfu tatu. Brathe alisema ni nyingi. Mathe akamwambia anyamaze.

Jumamosi hii tunaenda kuona moja Kiambu Road, ya 2017, fedha, kilomita 64,000 kulingana na dashibodi. Fundi tumemwambia saa moja asubuhi. Muuzaji amenipigia mara mbili tangu jana, mpole sana, akiuliza kama anaweza kuiwasha mapema ndio tuipate ikiwa na joto. Mara zote mbili nimemwambia hapana, aiache hivyo ilivyo.